Mkono wa Kushoto wa Tausi

Mikono? Minne, mjukuu wangu, minne kamili, nani kakwambia mitatu? Ila hapo sikiliza vizuri, maana kesi yote imelala hapo hapo. Tausi na Asmahani waliungana ubavu kwa ubavu, kuanzia chini ya kwapa mpaka nyongani. Asmahani kulia, Tausi kushoto. Sasa ile mikono ya katikati wameipitisha nyuma, huyu kamshika mwenzie bega, huyu kamshika mwenzie kiuno, ndiyo inayowafanya wasipepesuke. Mikono ya kazi imebaki ile miwili ya nje. Asmahani ana wa kulia, Tausi ana wa kushoto. Kushona wanashona, hina wanapaka, nazi wanakuna. Wakila, Asmahani anakula kwa kulia kama mimi na wewe. Na Tausi je? Tausi anakula kwa huo aliopewa na Mungu.

Ee. Umenyamaza. Ndivyo watu wote wanavyonyamaza.

Na hii ni Tanga, usisahau, Tanga makao makuu ya Jamhuri ya Mrima. Nchi hii ilisimamishwa na nani? Na Manase na Daniel, mapacha wa kuungana, watoto wa mkata mkonge, waliogomesha mashamba yote kuanzia Pangani mpaka Korogwe mpaka Mwingereza akafunga mizigo yake. Picha yao si unaijua? Suti moja, vichwa viwili, mikono miwili juu. Kila ofisi ipo, kila kinyozi ipo. Daniel alikuwa kateguka mkono siku ile, kwa hiyo karatasi ya uhuru ilitiwa saini na Manase, kwa kushoto. Watoto shuleni asubuhi wanaimba wimbo wa mkono wa kushoto uliotukomboa, halafu mchana mtoto akitia tonge mdomoni kwa kushoto, mama yake anamzaba kofi. Ndiyo nchi yetu.

Na kwa sababu ya Manase na Daniel, harusi yoyote ya watu wenye jina lazima mapacha wa kuungana wasimame nyuma ya bi harusi wapigwe naye picha. Baraka. Na Tanga nzima waliobaki walikuwa hao hao wawili wa Makorora, Tausi na Asmahani, hawakosi Jumamosi.

Basi Jumapili moja asubuhi Sajini Praxeda, mpelelezi, mtoto wa Muheza, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, aliingia kituoni akawakuta wamekalishwa kwenye benchi, chini ya picha ya Manase na Daniel. Walikuwa wamelala kituoni. Sare za harusi zimekunjamana, hina bado mbichi vidoleni.

Koplo Uweso alimvuta pembeni.

"Afande, hii imekwisha. Jana mchana, walima wa harusi, nyumbani kwa Mzee Mwinyijuma, Mabawa. Bi harusi, mwanawe, kavua kidani cha dhahabu, cha marehemu bibi yake, kakiweka kwenye kasha chumba cha ndani ili akae ale. Watu wote wakakaa kwenye masinia. Walipomaliza, nguo zimo kashani, kidani hakimo."

"Ushahidi?"

Uweso akatandaza mezani kitambaa cheupe cha kudarizi. "Hiki kilikuwa kimefungwa upande wa ndani wa kifuniko cha kasha. Tazama mwenyewe."

Katikati ya maua ya kudarizi palikuwa na kiganja kizima, vidole vimetanuka, manjano ya biriani na samli iliyoganda.

"Mkono wa kushoto," Praxeda akasema.

"Kushoto, afande. Sasa niambie, katika walima wa watu wa Tanga, nani ana biriani kwenye mkono wa kushoto?"

Wote wawili walijikuta wanatazama benchi.

"Mashahidi wamesemaje?"

"Neno moja, kama wamefundishwa chuo kimoja. Tulikula nao sinia moja, wakainuka katikati ya chakula, hawakurudi. Bi Mwanakombo, mke wa Mzee Mwinyijuma, ndiye aliyesema wa kwanza, wenzie wakaitikia."

"Kile chumba ulikiingia?"

"Afande! Chumba cha bi harusi? Mimi niliishia barazani. Kitambaa waliniletea."

"Kwa hiyo hujaliona kasha."

"Nimekiona kitambaa chake."

Praxeda akaguna. "Hakuna mtu mwingine wa mkono wa shoto pale?"

Alikuwepo mmoja, fundi umeme aliyefunga taa za harusi, Anold, naye wa Makorora. Walimwita. Akaja na mkoba wake wa vyombo, akatoa bisibisi akaichezea kwa mkono wa kushoto huku anaapa hajui lolote. Praxeda akamsogezea chai na andazi. Anold akaweka bisibisi chini, akashika andazi kwa kulia.

"Mbona andazi umelihamishia huku?"

"Afande, bibi yangu alinifunga huu mwingine kwa kanga mpaka nikajua kula. Bisibisi hakuijua, kwa hiyo hakuifunga."

Tena alikula barazani na wanaume, mbele ya macho ya watu wote. Akaambiwa anywe chai yake aende. Na hapo, kusema kweli, hapakubaki jina lingine.

"Mkuu wa kituo anataka karandinga iwachukue alasiri hii," Uweso akasema. "Wakakae mahabusu mpaka kesi isomwe."

"Alama ni moja. Asmahani kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Sheria ya Mapacha inasema ni watu wawili, mshitakiwa ni Tausi peke yake. Asmahani ataandikwa mgeni wa gereza."

"Mgeni?"

"Mgeni wa kulala, afande. Ndivyo mkuu alivyosema. Nami sikucheka, nilimtazama usoni nikaona hatanii."

Walihamia chumba cha mahojiano. Chumba chenyewe kina meza kubwa, ukuta wa chokaa, na mlango unaokwama. Ukitaka kuufunga lazima uegemee ukuta kwa mkono mmoja uuvute kwa mwingine.

"Majina yenu."

"Hutujui?" Tausi akauliza. Huyu ndiye mwenye mdomo. "Tanga nzima tumo kwenye albamu zao, afande. Hata ya kwako ukiifungua nadhani tumo."

"Tausi, nyamaza," Asmahani akasema. "Shikamoo afande. Mimi Asmahani, huyu Tausi."

"Marahaba. Jana mlikula?"

"Tulikula."

"Wapi?"

"Walimani."

"Sinia la nani?"

Asmahani akatazama sakafu. "Andika walivyosema wenyewe. Wamesema tulikula nao. Sisi tutamkatalia mwenye nyumba?"

"Nakuuliza wewe."

"Andika hivyo hivyo, afande."

"Katikati ya chakula mliinuka?"

"Kuinuka tuliinuka," Tausi akadakia. "Sisi siku zote huwa tunainu..."

Akashtuka. Praxeda aliona. Ule mkono wa nyuma, wa Asmahani, ulikuwa umemfinya mwenzie kiunoni.

"Mnaficha kitu. Tausi, kidani umechukua wewe?"

"Nikakivae wapi? Shingo ziko mbili hapa, kidani kimoja. Ningeanzisha vita nyumbani kwangu."

Uweso alicheka, kisha akajutia kicheko chake akakohoa.

"Hatukuchukua," Asmahani akasema. "Lakini zaidi ya hapo hatuna neno. Afadhali karandinga."

"Afadhali karandinga kuliko nini?"

Asmahani akatazama tena sakafu. Tausi aliyekuwa na mdomo naye akainamisha kichwa. Praxeda ameshahoji wezi wengi, wengine wakali, wengine wanalia. Hakuwahi kuona mtu anaona haya kusema alikula wapi.

Saa ya chakula ikafika. Mahabusu lazima ale, ndiyo kanuni. Praxeda akatoka mpaka kwa Mama Brightness pale getini, akajaziwa sahani moja ya wali na mchuzi wa nguru, ya watu wawili. Akarudi nayo mwenyewe, kaibeba juu ya kiganja cha kushoto, maana wa kulia alihitaji kusukumia ule mlango. Mlango ukamkwamia, sahani ikayumba, mchuzi ukammwagikia kiganjani mpaka vidoleni. "Kuleni," akawaambia, akaweka mezani. Akatoka, akaegemea ukuta, akavuta mlango. Akanawa bombani, akaenda kula nje na Uweso. Askari wa kaunta naye kumbe alishabeba kiti chake yuko nje.

Waliporudi sahani ilikuwa nyeupe.

"Mmeshiba?"

"Tumeshiba, Mungu akulipe," Asmahani akasema.

"Chakula kizuri," akasema Tausi. "Nje kulikuwa na upepo?"

"Upepo gani?"

"Nauliza tu. Maana koplo kala nje, wa kaunta kala nje, na wewe umekula nje. Meza hii wanakaa watu hata sita. Nikajua tu, nje leo pana upepo mzuri."

"Tausi, jamani!"

"Nimesema upepo, dada. Sijasema kitu kingine."

Praxeda alisimama pale. Alitaka kusema ana kazi nyingi. Alitaka kusema askari hali na mahabusu, ndiyo kanuni. Lakini jana tu alikula chumbani humo humo na mwizi wa baiskeli, wakagawana chapati. Damu ikampanda usoni. Akatoka nje ya mlango ili asitazamwe, na hapo ndipo alipokiona.

Ukutani, kwenye chokaa, pembeni ya mlango, palikuwa na kiganja. Vidole vimetanuka. Rangi ya mchuzi. Cha kushoto.

Akaweka mkono wake wa kushoto juu yake. Ukaenea.

"Uweso, leta kile kitambaa."

Uweso akaleta, akakishikilia ukutani kando ya ile alama. Mjukuu wangu, ungeona ungesema mikono ya ndugu.

"Sasa na wewe afande umekuwa..."

"Nilipoacha alama hii nilikuwa nimekula?"

"Bado."

"Nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa unapeleka sahani."

"Na mkono wangu wa kulia?"

"Ulikuwa mkavu. Ulifungulia mlango." Uweso akakwama hapo, mdomo wazi.

"Leta gari. Si karandinga. Gari. Na hawa wanapanda na sisi."

Nyumba ya Mzee Mwinyijuma pale Mabawa ina baraza pana mbele na ua nyuma, na siku ile ya pili ya harusi wageni wa nje walishaondoka, wamebaki wa ndani. Masufuria yalikuwa mekoni, wali wa nazi umepaliwa. Mzee Mwinyijuma alikuwa barazani na tasbihi. Alipowaona Tausi na Asmahani wanashuka garini, akasimama nusu, akakaa tena.

"Shikamoo mzee," Praxeda akasema.

"Marahaba, mwanangu. Kidani kimeonekana?"

"Bado. Naomba kuona kasha. Na koplo wangu asimame mlangoni, kwa ruhusa yako."

Bi Mwanakombo aliwaongoza, mwanamke mnene, kanga ya harusi bado mpya inanukia dukani. Nyuma yake akafuata wifi yake Nasma, dada wa Mzee Mwinyijuma, mwembamba, mkimya, halafu mapacha. Bi harusi alikuwa kwa mumewe. Kasha lilikuwa miguuni pa kitanda, la msaji, misumari ya shaba. Praxeda akainua kifuniko, akakiachia. Kikaanguka puu!

"Hakisimami?"

"Bawaba zimekufa zamani," Bi Mwanakombo akasema. "Lazima ukishikilie."

Praxeda akakiinua tena, akakisukumiza ukutani, akakikandamiza kwa kiganja cha kushoto, pale pale kitambaa kilipokuwa. Kwa kulia akapekua ndani. Shuka nyeupe za bi harusi, nguo za kulalia, nyeupe pe.

"Koplo, unaona tone lolote la biriani humu ndani?"

"Hakuna, afande."

"Na hapa kwenye kishikio?"

"Hakuna."

"Haya. Tuseme ni Tausi. Kashikilia kifuniko kwa kushoto. Anayepekua ni nani?"

Uweso akafikiri. "Asmahani. Kwa kulia."

"Na Asmahani alikuwa anakula biriani. Shuka hizi zingekuwa na rangi."

"Labda alinawa."

"Anawe huyu, huyu asinawe? Mwili mmoja unasimama bombani, mkono mmoja uoge na mwingine ubaki na samli? Sikiliza. Aliyefungua kasha hili, mkono wake wa kulia haukugusa chakula. Alikuwa hajala. Alikuwa anapeleka."

"Kupeleka wapi?" Bi Mwanakombo akasema, haraka haraka. "Masinia yaliletwa na wapishi mpaka mlangoni. Sinia halibebwi kwa mkono mmoja. Sisi wote tulikuwa tumekaa."

"Na Tausi na Asmahani?"

"Tulikula nao. Nimeshasema kwa koplo."

"Tausi alikaa upande wako gani?"

"Alikaa... mimi nilikaa huku, yeye kulia kwangu."

"Karibu nawe?"

"Karibu."

"Kwa hiyo mkono wake wa kushoto ulikuwa ubavuni kwako. Alipoutia kwenye sinia, ulifanyaje?"

Kule uani mtu alikuwa anakwangua sufuria, naye akaacha.

"Ulifanyaje, mama?"

"Nilikula."

"Ulikula."

Bi Mwanakombo akashika pindo la kanga akaziba mdomo. Macho yake yalikwenda mlangoni, yakapita ua, yakafika kwenye mlango wa stoo, yakarudi. Mpelelezi mzuri, mjukuu wangu, hasikilizi mdomo. Anafuata macho.

Praxeda akatoka uani, na wote nyuma yake. Stoo ilikuwa kando ya banda la kuku, mlango wa mbao, na komeo la chuma. Akalitazama lile komeo sana.

"Liko nje," akasema.

Akalifungua. Joto lilimpiga usoni kama tanuri. Magunia ya mchele, madumu ya mafuta, kipande cha jamvi. Juu ya jamvi palikuwa na kawa limefunika kitu. Akalifunua. Sahani ya bati, biriani imekauka, sisimizi wamejipanga. Wali ulikuwa umeliwa kutoka pande mbili, huku na huku, katikati umebaki mgongo mwembamba ambao hakuna aliyeugusa. Mtu mmoja hali hivyo. Na watu wawili wa kawaida hawabanani mabega kwenye sahani ndogo ile.

Mzee Mwinyijuma naye alishafika uani. Hakuna aliyemtazama mwenzie.

"Mlifungiwa?" Praxeda akawauliza mapacha.

"Huwa wanafunga," Asmahani akasema taratibu, kama anamtetea mtu. "Watoto wanachungulia. Wanafunga ili tusisumbuliwe."

"Kila harusi?"

"Wengine wana chumba kizuri," akasema Tausi. "Hawa wana kuku, angalau unapata mazungumzo."

Hapakuwa na aliyecheka. Tausi mwenyewe alikuwa anatazama ile sahani.

"Mngeniambia asubuhi," Praxeda akasema, "mlikuwa mmefungiwa kwa nje, mngekuwa nyumbani kwenu saa hizi."

"Tuseme nini?" Asmahani akamjibu. "Tuseme kituoni, mbele ya askari, iandikwe: sisi tunaoalikwa kwa baraka tunalishwa na kuku? Mwizi ana jina, afande. Watu wanamwogopa kidogo. Sisi tungekuwa nani?"

Bi Mwanakombo akaanza kulia, kanga usoni. "Si ubaya, wallahi si ubaya. Wageni walitoka Mombasa, wakwe... Nikasema wataona, wataacha chakula. Koplo alipouliza mapacha walikula wapi, ningesema nini? Ningesema stoo? Nikasema walikula nasi. Wenzangu wakanisitiri, wakasema hivyo hivyo."

"Ukajisitiri wewe, ukawavua hawa."

"Sikujua litafika huko."

"Sasa swali limebaki moja." Praxeda akanyanyua ile sahani, akaiweka juu ya kiganja chake cha kushoto. Kwa kulia akashika komeo. "Nani aliwaletea sahani hii?"

Macho hayakwenda popote, yalikwenda chini.

"Afande, iache," Tausi akasema. Sauti yake haikuwa ya mzaha tena. "Tafadhali. Katika nyumba nzima hii, ni mmoja tu aliyekumbuka kuwa tuna njaa. Na kawa alifunika. Na aliuliza kama tunataka ndimu."

"Ndiyo maana mlinyamaza?"

"Na hilo pia."

Nasma, yule wifi mwembamba, akapita katikati ya watu. Akafungua fundo la kanga kiunoni. Kidani kikang'aa kwenye kiganja chake, chembe nene za dhahabu, za zamani, za kazi ya Lamu.

"Ni mimi," akasema. "Nilipowafungia nilipita chumbani. Watu wote wako sinia, nikasema nikakishike tu. Nikishike mara moja."

"Dada!" Mzee Mwinyijuma akasema.

"Usiniite dada, kaka. Hiki cha mama. Nilipoolewa mimi uliniambia kimeuzwa, kimemzika mama. Nikaolewa shingo tupu, watu wa Pangani wakanisema mpaka nimezeeka. Jana nakiona shingoni kwa mwanao. Ulimzika mama kwa kitu gani basi, kaka, kwa maji?"

Tasbihi ilimponyoka Mzee Mwinyijuma ikaanguka kwenye mavi ya kuku, wala hakuiokota.

"Na hawa ulipoona wanachukuliwa?" Praxeda akamuuliza Nasma.

Hapo ndipo Nasma alipovunjika. "Hapo sina la kusema. Nilisimama dirishani nikawaona wanapandishwa gari. Nikasema kesho nitasema. Ikaja kesho, nikasema jioni. Nifunge, afande. Kwa kidani ningekuwa na hoja. Kwa hawa sina."

Basi uani pale ilikuwa hivyo. Mwenye nyumba kaaibika kwa dada yake, mke kaaibika kwa wageni wake, mwizi kaaibika kuliko wote, na Sajini Praxeda kashika sahani ya sisimizi, ana ukuta wake wa chokaa kichwani, hathubutu kumnyooshea mtu kidole. Uweso alikuwa anasoma buti zake.

"Mimi ndiye niliyelalamika," Mzee Mwinyijuma akasema mwishowe. "Nayaondoa malalamiko. Kidani ni cha Nasma. Kilikuwa chake tangu zamani."

"Utakuja kituoni kusema hivyo, na Bi Nasma atakuja kusema lake," Praxeda akajibu. "Na wote mlioandikisha uongo mtaandikisha ukweli, na stoo iwemo. Nitaiandika mimi mwenyewe. Tausi, Asmahani, nyie mko huru. Koplo atawafikisha Makorora."

Mapacha wakageuka, ile namna yao ya kugeuka, mmoja anasimama mwenzie anazunguka.

"Wanangu, msiondoke hivyo," Bi Mwanakombo akasema. "Chakula kiko tayari. Kuleni kwanza, nawaomba."

Asmahani, yule mpole, yule asiyefungua mdomo bila kuombwa, akamtazama.

"Stoo?" akauliza.

Neno moja tu hilo, mjukuu wangu. Bi Mwanakombo aliketi palepale kwenye kinu kilichopinduliwa.

Mzee Mwinyijuma ndiye aliyeondoka. Akaingia ndani, wakadhani kakimbia. Akarudi na jamvi la ukumbini, lile la wageni, kajitwika mwenyewe begani, akalitandika katikati ya ua. Akaenda tena, akaja na birika na bakuli la kunawia. Mzee wa mvi zote zile, ambaye kwake wanaonawisha ni wajukuu. Akapiga goti mbele ya Tausi.

"Lete mkono, mwanangu."

Tausi akampa. Ule wa kushoto. Mzee akaumiminia maji, taratibu, kidole kwa kidole, mpaka kwenye hina. Kisha akamnawisha Asmahani.

Sinia likaletwa, wali wa nazi na mchuzi wa mbuzi aliyebaki. Mapacha wakakaa. Halafu, unajua, hakuna mwingine aliyekaa. Watu walisimama wamelizunguka jamvi kama wanaosubiri kuruhusiwa. Praxeda akavua viatu, akanawa, akakaa mkabala nao, miguu ya sare haikunjiki vizuri. "Uweso," akasema, bila kumtazama. Uweso akavua buti. Mzee Mwinyijuma akakaa kando ya Asmahani. Nasma alikuwa anajirudisha ukutani.

"Mimi afande nitangoja garini," akasema.

"Gari haiondoki mpaka umekula. Kaa."

Nasma akakaa. Asmahani akamsogezea kipande cha ndimu.

Ikabaki nafasi moja, kushoto kwa Tausi, pale mkono wake unapoanzia. Na akabaki mtu mmoja. Bi Mwanakombo alishahamia mlangoni, kanga mdomoni bado, anaitazama ile nafasi kama shimo.

Tausi akapigapiga jamvi kwa mkono wake wenye maji.

"Njoo, Bi Mwanakombo. Wali unapoa. Si umesema jana nilikaa kulia kwako?"

Bi Mwanakombo akaja, akakaa.